Baiskeli imekwenda na ufunguo wake: niwaambie nini watu wa bima?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Utrecht, Uholanzi. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao. Asubuhi moja napita nyumba sita au saba: huyu namwogesha, yule namhesabia dawa, mwingine namvisha zile soksi ndefu za kubana miguu ambazo mtu wa miaka tisini hawezi kujivisha mwenyewe. Bila baiskeli kazi hii siiwezi, maana basi halinifikishi kwa wakati katika hizo nyumba.

Mwaka jana nilinunua baiskeli ya umeme, mpya, kwa euro 2,400. Nusu nililipa taslimu, nusu kwa mafungu ya euro 50 kwa miezi 24. Nimebakiza miezi 11. Palepale dukani nikakata bima ya miaka mitatu, ya wizi na uharibifu, euro 390 nikazitoa zote kwa mkupuo. Niliumia, kwa sababu fedha hizo nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya bati za nyumba ya mama. Lakini muuzaji aliniambia Uholanzi baiskeli nzuri haizeeki mikononi mwa mwenyewe, nikaogopa.

Mwezi wa Novemba niliteleza kwenye majani yaliyolowa, gurudumu la mbele likapinda na taa ikavunjika. Bima wakalipa matengenezo yote isipokuwa euro 35 za kwangu, wala hawakunisumbua kwa maswali. Nikasema kumbe kitu hiki ni cha kweli.

Sasa kisa chenyewe. Tangu Septemba ninaishi na mdogo wangu wa miaka 23 aliyekuja kusoma. Ni mtoto wa mama mdogo, nimembeba mgongoni huyu. Jumamosi ya wiki iliyopita aliniomba baiskeli aende Lombok, ule mtaa wa maduka ya Waturuki na Wamoroko jirani na stesheni, akanunue mchele na nyama. Anasema alikaa dukani dakika tano. Alipotoka, baiskeli haipo. Nilipombana akasema kweli: hakuifunga. Ufunguo aliuacha unaning'inia kwenye kufuli, ukaenda na baiskeli.

Nimeusoma mkataba. Bima wanataka taarifa ya polisi, wanataka baiskeli iwe ilifungwa kwa kufuli wanalolikubali, na wanataka funguo zote mbili nilizopewa siku ya kununua. Mimi ninao mmoja.

Shoga yangu wa Mombasa anasema nisihangaike. Funguo hizi zina namba, mtu unaagiza mwingine, ukifika unaupeleka pamoja na ule wa kwanza na kusema uliifunga vizuri mwenyewe. Anasema kila mtu anafanya hivyo. Mdogo wangu ameling'ang'ania wazo hilo. Ananiambia, "Dada, nitakulipa nikianza kazi ya maana, ila usinitaje." Siku hizi anarudi usiku nikiwa nimelala, na chakula ninachomwachia hakigusi.

Mama, nikisema kweli, bima hawanipi kitu, na nitaendelea kulipa euro 50 kila mwezi kwa baiskeli anayopanda mtu nisiyemjua. Nikimdai mdogo wangu, mama mdogo atasikia, na Tanga nzima itaambiwa Ulaya imenibadilisha. Nikidanganya, marehemu baba alikuwa mwalimu wa madrasa, na Ramadhani ndiyo hiyo inakaribia. Lakini kuna saa najiuliza: hizo euro 390 si zangu? Nikizichukua kwa njia nyingine, nimemwibia nani?

Na baiskeli nyingine nitakayonunua, nikate tena bima, au nichukue mkweche wa euro mia, ukiibwa uende zake?

Leo ni siku ya tisa. Sijawapigia bima wala polisi.

Mwenye Ufunguo Mmoja,
Utrecht

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Pole ya baiskeli, na pole ya hizi siku tisa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona habari za bima. Mara ya pili nikawaona watu wawili wa nyumba moja wanaokwepana, mmoja anapika, mwingine anangoja taa izimwe ndipo aingie. Baiskeli ni ya euro 2,400, hilo silidharau hata kidogo, najua euro moja ya kazi yako inavyopatikana. Ila naomba tutembee polepole, kwa sababu mambo matatu yamefungwa kamba moja humo: bima, mdogo wako, na baiskeli ijayo. Ukiyavuta yote pamoja yanakaza.

Kabla hatujafika kwenye bima, nina swali. Nani amekwambia imeibwa?

Tunachojua ni kwamba kijana alitoka dukani hakuikuta. Huko Uholanzi baiskeli iliyoegeshwa pasipostahili, hasa maeneo ya karibu na stesheni, hubebwa na watu wa manispaa ikapelekwa depo, na Utrecht inayo depo yake. Mwenyewe akienda na ufunguo unaoingia kwenye kufuli na namba ya fremu, analipa ada, anaondoka nayo. Sitaki kukupa matumaini ya uongo. Baiskeli mpya ya umeme yenye ufunguo unaoning'inia ni embe lililoiva lililoanguka njiani, na kwa dakika tano gari la manispaa halijafika. Lakini dakika tano za kijana wa miaka 23 katika duka lenye joto, mwezi wa Februari, mimi na wewe tunazijua. Siku tisa zimepita na hakuna aliyekwenda kutazama. Ufunguo wako huo mmoja, kazi yake ya kwanza ingeweza kuwa hiyo.

La pili ni polisi. Umeniandikia kana kwamba taarifa ya polisi ni karatasi ya kuwapelekea bima tu. Ina faida yake hata bima wasipokulipa senti. Namba ya fremu ikishaingia kwenye rejista ya baiskeli zilizoibwa, anayetaka kuinunua akiitafuta anaiona, na polisi wakiikamata ghalani kwa mtu wanajua ni ya nani. Taarifa hiyo unaweza kuiandika kwenye mtandao, haina malipo. Usipoiandika, baiskeli yako hata ikipatikana ni chuma kisicho na mwenyewe.

Hapo ndipo nataka tusimame, kwa sababu shoga yako hakukwambia kwamba uongo anaokushauri hauanzii kwa watu wa bima. Unaanzia polisi. Utaandika mahali, saa, nani aliiacha na iliachwaje. Kuandika taarifa ya uongo polisi ni kosa la jinai kwa Uholanzi, lenyewe, hata kama bima hujawadai chochote. Halafu ndiyo uende bima. Kule wako watu ambao kazi yao ni kutazama funguo. Ufunguo uliotumika kila siku mwaka mzima una mikwaruzo, umelika kidogo pale unapoingia. Ufunguo ulioagizwa juzi kwa namba unang'aa. Wakiuweka ule wa kwako karibu na huo mpya, hawahitaji kukuuliza mengi.

Wakigundua, hukosi fidia tu. Kampuni za bima za huko zina daftari moja la pamoja la watu waliowadanganya, na jina linaweza kukaa humo hadi miaka minane. Miaka minane ya kuomba bima ya nyumba, ya gari, ya chochote, na kila mlango unaulizwa mambo ya baiskeli. Wewe unaingia majumbani mwa watu wazima wasiojiweza, unafungua makabati yao, unashika dawa zao na pochi zao. Kazi ya namna hiyo inategemea jina lako. Sisemi lazima ugundulike. Wapo wanaopita, na huenda shoga yako anawajua. Nasema tu kwamba ukiupima uongo huu, weka na hayo kwenye mizani, usiweke euro 2,400 peke yake.

Tena mtakuwa watu watatu mnaojua. Leo mnapendana.

Sasa nigeuke upande wa pili, kwa sababu nimeona umeshaamua kwamba kusema kweli ni sawa na kupata sifuri. Inawezekana. Baiskeli isiyofungwa, ufunguo juu yake, mikataba mingi huiita uzembe na hailipi. Sitakuficha hilo. Lakini kati ya "inawezekana" na "lazima" kuna simu moja hujaipiga. Mkataba wako umeusoma kwa hofu, tena kwa lugha ambayo si ya mama yako. Hebu usome upya, au umpe mtu anayekijua Kiholanzi cha karatasi. Tazama unasema nini baiskeli ikiwa mikononi mwa mtu wa nyumbani kwako. Tazama ulitakiwa utoe taarifa ndani ya siku ngapi, kwani kuchelewa nako kunaweza kugeuzwa sababu, na siku hizi tisa zinahesabika. Wakikukatalia, wakujibu kwa maandishi na kifungu wanachokitegemea. Ukiona hawakukutendea haki, unaanza kwa kulalamika kwao wenyewe, na wasipokusikia kuna chombo kinaitwa Kifid kinachosikiliza malalamiko ya wateja dhidi ya bima na benki, bila mteja kulipa ada. Sikwambii utashinda.

Kuna swali jingine dogo ambalo watu husahau kuuliza, nami ningeliuliza hata kama fidia imekataliwa. Ulilipia miaka mitatu, umetumia mwaka na kitu, na baiskeli yenyewe haipo tena. Je, malipo ya muda uliobaki yanarudi, au yanahamia kwenye baiskeli nyingine? Waulize. Huenda jibu likawa hapana, huenda likawa euro mia mbili na kidogo. Kwa mtu aliyeacha bati kwa sababu ya bima, mia mbili si haba.

Umeniuliza kama zile 390 si zako. Swali lako ni zuri, na wengi wetu tunaliuliza kimoyomoyo kwa sababu tumelelewa na upatu. Kwenye upatu unatoa, unatoa, zamu yako ikifika unapokea, na asiyepokea amedhulumiwa. Bima haiendi hivyo. Ulichonunua siku ile dukani kilikuwa ahadi: likitokea hili, kwa masharti haya, tutabeba sisi. Mwezi wa Novemba likatokea, wakabeba. Kwa hiyo si kweli kwamba fedha yako imeliwa bure, gurudumu lile na taa vililipwa. Inauma, najua, kwamba sharti lililovunjika hukulivunja wewe. Wewe uliifunga siku zote. Na nadhani hasira ya hilo haina pa kwenda, ndiyo maana inakwenda kwa kampuni ya bima.

Nije kwa huyo mdogo wako.

Mimi nimekulia Tanga vilevile, Ngamiani. Baiskeli pale kwetu ni kama viatu, kila mlango unayo. Unaiegemeza mwarobaini, unaingia kwa kinyozi, na yule muuza kahawa nje anajua ni ya fulani mtoto wa fulani. Ufunguo ukiusahau, mtu atakuitia. Kijana wako hakuacha baiskeli Lombok kwa dharau. Aliiacha kama alivyofundishwa na mtaa wake. Je, kuna siku ulimkalisha ukamwambia, hapa kuna kufuli la nyuma linalobana gurudumu, na kuna mnyororo wa kuifunga kwenye chuma kilichochimbiwa, na funguo mbili hizi ni sehemu ya bima? Siulizi ili nikuongezee mzigo. Nauliza kwa sababu kati ya "amenitupia mali yangu" na "hakujua" kuna tofauti, na wewe ndiye uliyekaa naye tangu Septemba, utaijua.

Hilo halimwondolei deni, kama mtaamua ni deni. Hapa nakuachia, ila nikuonyeshe mashimo. Ukimdai yote, hana. Mwanafunzi aliyetoka nje ya Ulaya anaruhusiwa saa 16 za kazi kwa wiki wakati wa masomo, na kati ya hizo lazima ale na asafiri. Ukimsamehe yote leo kwa sababu ya kumwogopa mama mdogo, angalia moyo wako kama umesamehe kweli, au umenyamaza tu, utakuja kumkumbusha siku ya ugomvi wa vyombo visivyooshwa. Na ukikubali ule mpango wa ufunguo wa pili kwa ajili ya kumlinda, fikiria unamfundisha nini kuhusu nchi aliyoingia miezi mitano iliyopita, na kibali chake cha kukaa, kama jambo hili litafika polisi jina lake likiwa ndani.

Kati ya yote na hakuna kuna mengi. Zile euro 50 za kila mwezi, kwa miezi 11, ni 550. Wapo ndugu ambao wangegawana hizo, au mdogo mtu akabeba kitu kingine cha nyumba hadi zitimie. Yupo dada ambaye angesema, "Sikudai fedha, nakudai uende nami polisi ukaeleze mwenyewe." Kijana anayekwepa chakula, mara nyingi anangoja mtu mzima amwambie bei ya kosa lake. Asipoijua anadhani haina mwisho. Na mama mdogo, nani asimulie kwanza? Habari ikifika Tanga kupitia kwa kijana mwenyewe ina sura moja, ikifika kwa njia za watu ina sura nyingine. Zungumzeni hilo.

Kuna watu watakwambia uitazame bima ya madhara kwa wengine, ile ambayo wakazi wengi wa Uholanzi wanayo, kama mdogo wako aliikata. Itazameni, lakini kwa tahadhari: mara nyingi bima hizo hukiacha nje kitu ulichoazima kikiibwa mikononi mwako.

Baiskeli ijayo, sasa. Hapa niseme ninavyoona mimi, nawe upime. Bima ya baiskeli ina maana pale ambapo kupotea kwake kutakuangusha. Mkweche wa euro 100 ukienda utakasirika siku mbili, kuukatia bima ni kumlipa mlinzi mshahara ulindiwe kibanda cha kuku. Lakini mkweche nao una mitego yake. Asubuhi saba za nyumba saba, kwenye upepo wa Uholanzi, bila umeme, magoti yako ndiyo yatalipa. Na ule wa bei ya kutupa anaokuuzia mtu barabarani, ukiwa ni wa wizi, wewe mnunuzi unaweza kushtakiwa pia. Itafute namba ya fremu kwenye rejista ya baiskeli zilizoibwa kabla hujatoa fedha. Ningependa usiibiwe, halafu ukanunua ya mwenzako aliyeibiwa.

Ukirudi kwenye ya umeme na ukaamua kukata tena bima, uliza kabla ya kusaini, siyo baada. Wanataka kufuli la nyota ngapi za ART, ile alama ya Kiholanzi inayoonyesha uimara wa kufuli? Wengi huanzia mbili, na kwa baiskeli za umeme wengine hudai na mnyororo juu. Wanalipa bei uliyonunulia, au wanapunguza kila mwaka? Betri peke yake ikiibwa je? Uharibifu wanaoulipa ni wa ajali, kama ule wa Novemba, au unadhani watakulipia mnyororo uliochakaa? Hawatalipa, huo ni uchakavu. Na mtu mwingine akiiendesha? Hilo la mwisho sasa hulisahau. Funguo za pili, ziweke mahali ambapo si kwenye baiskeli, si mfukoni mwa mtu yeyote. Mimi zangu ziko kwenye kopo la iliki.

Tena, umeniambia baiskeli ni chombo cha kazi, lakini sikuona mahali umemwambia mwajiri wako. Kampuni nyingi za kuhudumia wazee nyumbani zina baiskeli za wafanyakazi, au mpango wa kumsaidia mfanyakazi kununua. Labda yako haina. Umeuliza? Au na hilo umelinyamazia kwa aibu, kama polisi, kama bima?

Ningekuwa jirani yako ningekuja kesho nikupikie, nyote wawili, mkae meza moja. Kwa kuwa siko, naomba hili moja tu la wiki hii: mwambie mdogo wako aende nawe depo. Yeye ndiye anayejua aliiegemeza ukuta upi. Chukua ufunguo wako na karatasi ya duka yenye namba ya fremu. Mkiikuta, nitacheka hadi niandikiwe na wasomaji. Msipoikuta, mtakuwa mmesimama mahali pamoja kwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi, na toka pale hadi nyumbani ni safari ndefu ya miguu. Halafu uniandikie.